Siku Yako Inaanza Saa Ngapi?

Jumatatu ya tarehe 6 Mei 2024 niliingia ofisi ya walimu nikiwa mtu muhimu. Siku mbili kabla, kimbunga Hidaya kilikuwa kimefika Mafia. Boti za kwenda Unguja zilisimamishwa, sisi wa Kigamboni tulilala tukisikiliza mabati yakibishana na upepo, na mwalimu mwenzetu mwenye jina hilohilo la Hidaya alishachoka kuulizwa safari yake inaishia wapi. Katika shule nzima, mwenye kituo cha hali ya hewa juu ya paa la nyumba yake ni mimi peke yangu.

"Mwalimu," mkuu wa shule akaniwahi hata mkoba sijautua, "tupe takwimu. Usiku ule ilinyesha milimita ngapi?"

Nilikuwa nimejiandaa. Alfajiri, kabla ya kwenda kupanga foleni ya daladala, nilinakili folda nzima ya mwezi wa Mei kwenye flashi. Nikaichomeka kwenye kompyuta ya ofisi. Walimu wakanizunguka kama watu wanaosubiri matokeo ya kidato cha nne. Nikafungua folda ya 2024, ndani yake 05, ndani yake siku. Ilikuwepo 01. Ilikuwepo 02. Ilikuwepo 03, japo haikufika mwisho. Baada yake ikafuata 05.

"Labda imejificha," akasema mwalimu wa hisabati, kwa upole wa mtu anayemfariji mfiwa.

Haikujificha. Tarehe 4 ilikuwa imefutwa, aliyeifuta ni mimi mwenyewe nikiwa usingizini, na sababu ni kwamba mashine yangu iliamini kile kimbunga kilipita mwaka 1970.

Mambo haya yana mwanzo wake. Mwezi wa Aprili 2019 kulikuwa na kimbunga kingine, Kenneth. Watu wa Mtwara walitahadharishwa, nchi nzima ikakaa roho juu, kisha tarehe 25 kikaenda kutua kaskazini mwa Msumbiji. Siku zile wanafunzi waliniuliza maswali ambayo jibu lake halikuwa kwenye kitabu, nami nikagundua kwamba kwa miaka yote niliyofundisha jiografia, kipimahewa nimekichora ubaoni mara mia na kukigusa mara sifuri. Nikanunua kituo cha mtumba. Kilikuja na propela ya upepo, kipimajoto kilichovikwa visahani vyeupe vilivyopangana kama chapati za hotelini, na kipimamvua ambacho tumboni mwake kuna vikombe viwili vya bembea. Kimoja kikipokea mvua ya milimita 0.2 kinapinduka na kumwaga, mwenzake anashika zamu. Kila kikipinduka, habari inatumwa sebuleni, kwenye kikompyuta kisichozidi kipande cha sabuni ya kuogea.

Kikompyuta alikileta mpwa wangu. Akakifunga nyuma ya televisheni, akajipangusa mikono, akasema, "Mjomba, hiki ni cha kuweka na kusahau."

Kusahau sikupata tabu. Kuweka ndiko kulikonishinda.

Mwanzoni nilikuwa na folda moja, HALI_YA_HEWA, na kila dakika faili moja jipya likidondoka humo. Dakika za siku moja ni 1,440. Baada ya miezi miwili, ukiifungua ile folda unaweza kwenda kununua mkate na kurudi, ukaikuta bado inajikusanya. Nikaamua kugawa kwa miezi, na kwa kuwa mimi ni mzalendo, nikaandika majina ya miezi kwa Kiswahili sanifu. Mashine haijui miezi, inajua alfabeti. Mwaka wangu ukaanza Agosti, ukafuata Aprili, ukaenda Desemba, ukarudi Februari, ukaishia Septemba. Machi na Mei walikaa jirani kama wanandoa, na Aprili, ambaye ndiye moyo wa masika ya Pwani, alikuwa huko juu kabisa ameegemea Agosti, mwezi ambao hata majani yanaomba maji. Nikabadilisha nikatumia namba. Ikaja 1, ikafuata 10, 11, 12, ndipo 2. Vuli yote ilinyesha kati ya Januari na Februari.

Mpwa wangu ndiye aliyenifundisha kuweka sifuri mbele, na kuandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, ili alfabeti na kalenda zisigombane. Akaniambia hicho ni kiwango cha kimataifa, kinaitwa ISO 8601, na kimekuwepo tangu 1988. Mwaka 1988 nilikuwa sekondari, nikiandika tarehe kwenye daftari kila siku iendayo kwa Mungu, siku mbele mwaka nyuma. Hakuna aliyekuja kutuambia.

Kabla ya somo hilo nilikuwa tayari nimezaa folda nyingine: MPYA, MPYA_2, MPYA_HALISI, na MPYA_HALISI_USIFUTE. Pia YA_MUDA. Hii niliifungua usiku mmoja wa Juni 2019, umeme ukiwa unachezacheza, niweke vitu mpaka asubuhi. Mpaka leo ndiyo kubwa kuliko zote. Humo ndani kuna Jumapili moja ya Julai, jua limewaka toka asubuhi, ambayo kituo changu kinaapa kwamba zilinyesha milimita 38 kwa dakika sita. Ni siku aliyokuja kijana wa kuosha tenki.

Tamaa ikanipanda. Nikaanza kuchukua na picha za Meteosat, setilaiti iliyosimama juu ya Bahari ya Hindi, inayopiga picha kila baada ya dakika 15. Picha 96 kwa siku. Nilizipakua miezi minne bila kutazama hata kumi. Mama watoto akataka kujua kwa nini bando la mwezi linakata roho tarehe 9. Nikamwita, nikamwonyesha mawingu kwenye skrini. Akayatazama, akafungua pazia, akanionyesha mengine.

Sasa njoo kwenye jambo la saa, maana hapo ndipo watu wa lugha nyingine wanapata tabu moja na sisi tunapata tatu.

Nilitaka kulinganisha kituo changu na Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, ambao marubani wanauita HTDA. Taarifa zake zinapatikana kwenye intaneti, mstari mmoja wa herufi na namba zilizobanana kama abiria wa mwendokasi. Saa yake inaandikwa hivi: 040600Z. Tarehe 4, saa 06:00, na hiyo Z maana yake ni saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya kwetu kwa masaa matatu. Upande wa pili nina klabu ya jiografia shuleni. Wanafunzi wanasoma kipimamvua cha kawaida, kile cha mtungi na rula, na wao wanaandika saa wanayoijua tangu kuzaliwa: saa 3 asubuhi. Katikati nipo mimi na kituo changu, kinachofuata saa ya simu: 09:00.

Tukio moja, asubuhi moja, namba tatu: 3, 9 na 6.

Mimi, kwa akili zangu timamu, nikaunda folda za saa kuanzia 00 hadi 23 na kuagiza kila kitu kijipange humo kwa namba yake. Matokeo yake yalikuwa folda 03. Ndani yake kulikuwa na 03 ya uwanja wa ndege, ambayo ni saa kumi na mbili asubuhi, jua linachomoza. Kulikuwa na 03 ya kituo changu, ambayo ni saa tisa usiku, wachawi wanarudi nyumbani. Na kulikuwa na 03 ya wanafunzi, ambayo ni saa tatu asubuhi, kengele ya kipindi cha pili. Nikachora grafu ya joto ya wiki nzima kutoka folda hiyo moja. Dar es Salaam ilionekana ina homa ya vipindi. Nilikaribia kuandika makala.

Pigo la kwanza kubwa lilikuja 2020. Asubuhi moja kikompyuta kikagoma kuandika, kikidai kadi imejaa. Nikaipima kadi: ya GB 16, na zaidi ya nusu ni tupu. Nikaizima, nikaiwasha. Imejaa. Nikafuta picha zote za setilaiti, kwa uchungu. Ikaandika siku chache, kisha ikagoma tena. Imejaa. Nilibishana nayo siku kadhaa, mwishowe nikampigia mpwa, nikamweka kwenye spika ili mikono ibaki huru kwa kupangusa jasho.

Akanieleza kwamba kadi inapoandaliwa inatengewa idadi maalumu ya nafasi za kusajili mafaili. Yangu ilikuwa na kama milioni moja hivi. Kila faili, hata likiwa na neno moja, linakula nafasi moja ya usajili. "Mjomba, kwani unaandika mafaili mangapi?" Nikasema mawili tu. Kwa siku? Kwa dakika. Moja la kazi na moja nakala, kwa usalama. Kimya kikapita kwenye simu. 2,880 kwa siku, akasema, ni zaidi ya milioni moja kwa mwaka.

Mama yangu alikuwa pembeni anachagua mchele. Alikuja kutusalimia kutoka Korogwe kwa wiki mbili, mwaka huohuo wa 2020, na bado yupo. Simlaumu hata kidogo. Mwenye folda ya YA_MUDA atapata wapi mdomo?

"Rejista imejaa," akasema, bila kuinua macho kwenye ungo. "Kabati lina nafasi, rejista imeisha. Ilitupata sana."

Nisiposema hapa kwamba mama yangu alifanya kazi ya masijala kwa miaka zaidi ya thelathini, msomaji hatanielewa. Watu wanaidharau masijala kwa sababu wanaikumbuka siku jalada lao lilipopotea. Hawazikumbuki siku lilipopatikana. Mama alikuwa anaingia chumba chenye majalada elfu kadhaa, giza limeingia, umeme hakuna, na anatoka na lile lililoulizwa. Kwake hakuna "faili". Faili ni la kuchongea kucha. Kuna jalada, lina namba, lina somo, barua zake zina folio, na likitoka mlangoni linaandikwa limekwenda kwa nani.

"Barua ikija, mnafungua jalada jipya?" akaniuliza.

"Hapana, mama."

"Basi kwa nini kila dakika unafungua jalada? Fungua moja la siku. Dakika ziingie humo kama folio."

Kwenye spika mpwa akasema, "Ndicho nilichotaka kusema, bibi," jambo ambalo sina ushahidi nalo. Tukafanya hivyo. Kutoka mafaili 2,880 kwa siku nikabaki na moja, na kikompyuta kikaanza kupumua.

Hapo Mama akaweka ungo chini. Nilimwona akikaa sawa kwenye kiti, miwani ikashuka puani, nikajua ukaguzi umeanza.

"Umesema jalada la siku. Siku yako inaanza saa ngapi?"

Nikacheka kidogo. Nikamwambia saa sita usiku, kama siku ya watu wote.

"Watu gani?"

Naomba msomaji alijaribu swali hili akiwa ametulia, asijione mjanja kama nilivyojiona mimi. Kwa kalenda ya ukutani, siku inabadilika saa sita usiku. Kwa mashine za hali ya hewa duniani, siku inabadilika saa sita usiku ya saa ya dunia, ambayo kwetu ni saa tisa usiku. Kwa mpima mvua, siku inaanza saa tatu asubuhi: unakwenda kwenye mtungi saa tatu, unasoma maji yaliyoingia tangu saa tatu ya jana, na hapo huna budi kuamua hayo maji ni ya jana au ya leo, maana mengine yalianguka jana mchana na mengine alfajiri ukiwa unapiga mswaki. Na kwa mama yangu, kama ilivyokuwa kwa mama yake, siku inaanza jua likizama. Usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Ukimwambia mvua ilinyesha Ijumaa usiku, anauliza: Ijumaa usiku, au usiku wa kuamkia Jumamosi?

"Mvua ya saa mbili usiku, siku ya Ijumaa," akasema. "Utaiweka jalada gani?"

Nikafikiri. Nikasema inategemea.

"Basi utaitafuta mpaka uote mvi."

Mvi ninazo, ila sikutaka kumkatiza. Jioni ile tukakubaliana kila kitu kiandikwe kwa saa ya dunia, awe mtu, awe mashine, awe uwanja wa ndege. Klabu ya jiografia ililalamika wiki mbili kwamba nimewanyang'anya saa yao. Mama akaamuru juu ya folda zote niweke faili linaloitwa SOMA_KWANZA, lenye sentensi moja: siku ya hapa inaanza saa tisa usiku kwa saa zetu. Nililiandika kwa utii. Ndilo faili pekee kwenye mashine ile ambalo sijawahi kulipoteza.

Ningeishia hapo ningekuwa salama. Ila mtu akishapanga kabati lake anatamani na kulipunguza. Nikamuuliza Mama majalada ya zamani waliyafanyaje. Akanieleza kwa kirefu: jalada likijaa linafungwa, linafunguliwa la pili lenye namba ileile, lililofungwa linakwenda stoo, huko linakaa miaka yake, miaka ikitimia linaandikiwa orodha, orodha inapelekwa kwa wahusika, wahusika wanakaa, wanatoa kibali, ndipo linateketezwa. Maelezo yalichukua karibu saa nzima, pamoja na kisa cha mhasibu mmoja na panya. Katika hayo yote mimi nilisikia neno moja tu, linateketezwa.

Nikaandika kiprogramu. Kila usiku saa tisa kipite kwenye folda ya mapokezi, na chochote chenye umri unaozidi siku 30 kifute. Kila tarehe mosi mimi mwenyewe nanakili mwezi uliopita kwenye diski kubwa, kwa hiyo hakuna kitakachopotea. Nikajisifu. Kilifanya kazi karibu miaka minne, kimya, kama mlinzi anayekesha kweli.

Ijumaa ya tarehe 3 Mei 2024, bando lilikuwa limekwisha tangu Alhamisi. Safari hii lilimalizwa na mimi nikifuatilia Hidaya yenyewe kwenye picha za setilaiti. Saa tatu usiku umeme ukakatika mtaani kwetu. Ukarudi kama saa nne. Kikompyuta kikaamka.

Sasa, hata saa ya ukutani ya shilingi elfu tano ina betri. Kikompyuta changu hakina. Kila kinapoamka hakijui ni saa ngapi wala mwaka gani, kinauliza kwenye intaneti, kama mgeni anayeshuka kwenye basi usiku. Usiku ule hakukuwa na wa kumuuliza. Mashine za namna hii zinahesabu muda kwa sekunde, na sekunde ya kwanza ya hesabu yao ni mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya dunia. Kwetu ni saa tisa ya usiku. Kisipopata jibu, changu kinaanza kuhesabu hapo.

Kikaanza. Upepo ulivuma, vikombe vilipinduka, na kikompyuta kikaandika kila kitu kwa uaminifu mkubwa, dakika kwa dakika, usiku kucha na Jumamosi nzima, ndani ya folda 1970/01. Nilipita sebuleni mara mbili kukitazama. Taa ya kijani ilikuwa inapepesa. Nikasema moyoni, angalau hiki kipo kazini.

Jumapili alasiri nikanunua bando. Kikompyuta kikauliza saa, kikajibiwa, kikaruka miaka 54 mbele bila kushtuka. Usiku wa kuamkia Jumatatu, saa tisa, mlinzi wangu akapita. Akakuta mafaili yaliyozidi siku 30. Yalizidi kwa mbali sana. Akayafuta. Alfajiri mimi nikanakili yaliyobaki.

Jioni, baada ya aibu ya shuleni, niliisoma rekodi ya kazi ya usiku ule, mstari mmoja mmoja. Nilipofika kwenye umri wa mafaili yaliyofutwa nilikaa kimya muda. Mimi nimezaliwa Januari 1970. Programu niliyoiandika kwa mikono yangu ilikutana na kitu cha rika langu, ikaona hakina kazi tena.

Nilimweleza Mama. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Kibali alisaini nani?"

Mpwa alikuja Jumanne na programu ya kufufua yaliyofutwa. Alipokuta mashine imewaka tangu Jumatatu inaendelea kuandika juu ya makaburi yale, alishika kichwa. Tulipata mistari mitatu. Wa kwanza ulikuwa joto tupu. Wa pili ni unyevu, asilimia 97, jambo ambalo hata nguo zangu kwenye kamba zingenieleza. Wa tatu ulikuwa jumla ya mvua, nao ulikatika katikati ya namba. Tarakimu ya kwanza ilisomeka vizuri.

Nikapeleka matokeo kwa mkuu wa shule. Nikamwambia mvua ya Hidaya, kwa kipimo cha Kigamboni, inaanza na moja.

"Moja, kumi na kitu, au mia na kitu?"

Nikamwambia utafiti unaendelea.

Jumapili iliyofuata, tarehe 12 Mei, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikapata hitilafu na intaneti ikadorora nchi nzima. Umeme mtaani kwetu nao haukutaka kuachwa nyuma, ukakatika nusu saa. Kikompyuta kikarudi 1970 na kuandika humo jua kali na upepo mwanana. Kiprogramu cha kufuta nilikuwa nimeshakiua, kwa hiyo folda ile bado ipo, na kwa mujibu wa kumbukumbu zangu wiki niliyozaliwa ilikuwa kavu kabisa. Mama anasema uongo mtupu, siku ile Korogwe walivushwa mtaro kwa kubebwa mgongoni. Sijui nimwamini nani, ila mmoja wao alikuwepo. Baadaye nilinunua kisaa kidogo cha kuchomeka chenye betri bapa kama shilingi. Kilinigharimu pungufu ya bando la wiki.

Pengo la tarehe 4 Mei lakini liko palepale, na kila ninapofungua folda ya 05 naliona kama jino lililong'oka. Ndiyo maana nimeandika haya. Kama kuna msomaji wa Kigamboni, Mbagala au Temeke ambaye usiku ule aliacha ndoo nje na asubuhi akaikuta na maji, namwomba aniandikie maji yalifika wapi. Isiwe ndoo ya lita ishirini inayopanuka kuelekea juu, hiyo inadanganya. Sufuria ya pembeni wima ni bora. Asitie neno "mvua kubwa", atie sentimita. Na kabla ya yote aniambie siku yake inaanza saa ngapi.